Soketi Juu ya Hita: Nilichofundishwa na Waya wa Taa

Tulihamia nyumba yetu ya St. Paul, Minnesota, mwezi wa Julai. Julai ya huku ina joto la kutosha kumkumbusha mtu Tanga, kwa hiyo yale mabati meupe marefu yaliyotambaa chini ya kuta sikuyatilia maanani. Tukapanga kochi, tukasimamisha taa pembeni, plagi yake tukaichomeka kwenye soketi iliyokuwa juu kidogo ya bati mojawapo. Waya ukaning'inia, ukalala pale pale. Miezi mitatu haukudhuru kitu.

Oktoba, usiku wa kwanza wa baridi hasa, mke wangu akaniamsha: "Baba watoto, kuna plastiki inaungua." Kumbe yale mabati ni hita za umeme, na themostati, kifaa kinachopima joto la chumba, ilikuwa imewasha hita yenyewe, hakuna mtu aliyegusa kitu. Ganda la waya lilikuwa limelainika na kunata kwenye bati. Shaba ilikuwa haijatokeza bado. Nikazima breka kwanza, ndipo nikachomoa plagi.

Mimi nililaumu taa. Fundi umeme aliyekuja kesho yake hata hakuitazama. Alipiga goti, akafungua kifuniko cha hita, akaanza kusoma kibandiko kilichokuwa ndani. Kilikuwa kimeandikwa wazi kwamba hita hiyo isifungwe chini ya soketi.

Hita hizi za umeme, huku zinaitwa za besibodi, yaani za kufungwa chini ya ukuta, kwa kawaida hutumia volti 240 na hutoa wati 250 hivi kwa kila futi. Yangu ya futi nane ni wati 2,000, na hewa ya moto yote inapanda kupitia mdomo wa juu, kule kule ulikolala waya. Nyaya nyingi za taa zina ganda lililopimwa kuhimili nyuzi joto 60 za Selsiasi. Soketi yenyewe ukutani inaweza isidhurike kwa miaka. Kinachoungua ni waya unaoshuka kutoka kwenye soketi hiyo.

Sasa sheria. Marekani kuna kanuni ya taifa ya umeme, mafundi wanaiita NEC, inayorekebishwa kila baada ya miaka mitatu. Inakuwa sheria pale jimbo au mji unapoipitisha, ndiyo maana jibu la rafiki yako wa Texas si lazima liwe lako. Nilitarajia kukuta humo sentensi inayopiga marufuku soketi juu ya hita. Katazo lenyewe linaingilia mlango wa uani: kifungu cha 110.3(B) kinataka kifaa kilichoidhinishwa kifungwe kama maelekezo yake yanavyosema. Kwa hiyo kibandiko cha mtengenezaji, kile ambacho wengi wetu hatukisomi, kina nguvu ya sheria. Mkaguzi akikuta kimekiukwa, kazi haipiti.

Hapo ndipo mtu anapokwama, maana kifungu cha 210.52 kinavuta upande wa pili. Kwenye vyumba kama sebule na vya kulala, kinataka mahali popote ukutani pasiwe zaidi ya futi sita kutoka kwenye soketi, na kipande chochote cha ukuta chenye upana wa futi mbili au zaidi kinahesabiwa, hata kile kilicho chini ya dirisha la kawaida. Sababu yake ni ya busara: watu wasivute nyaya za kuongezea sebule nzima. Lakini kama hita imechukua ukuta wote, soketi utaiweka wapi?

Mimi kwanza niliwaza kuing'oa soketi na kupaka plasta juu yake. Fundi akacheka. Kisanduku chenye maungio ya nyaya hakifukiwi ukutani. Kinafunikwa kwa bamba tupu ili kifikike siku ya shida. Na ukiondoa soketi bila kuweka mbadala, umetibu kosa moja kwa jingine.

Njia zipo. Watengenezaji wengine wanauza hita zenye soketi yake, au kipande cha soketi cha kuunganishwa mwishoni mwa hita, na NEC inakubali ihesabiwe kwa ukuta huo. Sharti ni moja: soketi hiyo isiunganishwe na saketi ya hita, yaani njia ya nyaya inayoilisha hita umeme. Njia nyingine ni kufunga hita fupi zaidi na kuacha nafasi ya soketi kando yake. Soketi ya sakafuni nayo inahesabiwa, mradi isiwe zaidi ya inchi 18 kutoka ukutani. Sisi tulichagua hita ya futi sita, aina yenye wati nyingi zaidi kwa kila futi, ili jumla iwe karibu ile ile, soketi ikahamia kwenye futi mbili zilizobaki. Kibali tulikata kabla ya kazi kuanza.

Kama hita zako ni za maji moto yanayotoka kwenye boila, maelezo yale kuhusu hita za umeme hayakuhusu. Waya lakini haujui kilichopasha bati. Usiulaze juu yake.

Wengi wetu huku tunapanga, na ukuta wa mwenye nyumba hatuna ruhusa ya kuubomoa. Basi usiitumie hiyo soketi. Izibe kwa vile vifuniko vya plastiki vya kuzuia watoto, taa ihamie ukuta mwingine, kisha mwandikie mwenye nyumba ukiambatisha picha, ili siku ya mzozo uwe na ushahidi. Usijibu baridi kwa kununua hita ya kubebeka na kuichomeka kwenye waya wa kuongezea: wati 1,500 kwa volti 120 ni ampea 12.5, mzigo ambao nyaya nyembamba za dukani hazikutengenezwa kuubeba usiku kucha. Soketi za huku pia hazina swichi kama za kwetu, kwa kawaida kilichochomekwa kina umeme muda wote.

Pangeni vyombo vyenu Julai kana kwamba ni Januari. Mkaguzi alipokuja kwetu, alisoma kibandiko cha hita mpya kwanza, ndipo akatoa futi yake mfukoni akapima ukuta. Alitumia dakika kumi.