Mtende wako hauna kiu, umeungua jua

Mwaka juzi mwezi wa 9 nilinunua mitende minne ya mapambo, ile yenye vishina vingi vya manjano ambayo asili yake ni Madagaska. Muuzaji aliilea kivulini, chini ya mwembe. Siku hiyohiyo nikaipanda parselini kwangu, hapa Lubumbashi, kando ya ukuta unaotazama magharibi. Siku ya 4 makuti yalikuwa na mabaka meupe. Wiki haijaisha, yakawa kahawia na kukauka kama karatasi.

Nikadhani ni kiu. Nikawa namwagia kila mti bidoni zima la lita 20 asubuhi na jioni, tena kuanzia juu. Miwili ikaoza. Nilipoligusa kuti changa, lile linalosimama katikati kama mkuki kabla halijafunguka, lilichomoka likabaki mkononi, tako lake linanuka. Niliumia sana, maana niliiua mwenyewe kwa kuipenda.

Ndugu zangu, kuti lililokulia kivulini haliwezi kustahimili jua la Oktoba, na likishaungua haliponi, hata ulimwagie maji ya kisima kizima. Mti wenyewe ndio unaopona, kwa kutoa makuti mapya yanayozaliwa juani. Kila shina lina moyo mmoja tu wa kuyatoa, pale juu. Moyo ukioza, shina hilo limekwisha.

Miwili iliyobaki niliisimikia nguzo nne na kutandika magunia yenye matundu, juu na upande wa magharibi. Usitegemee kivuli cha ukuta: mwishoni mwa Oktoba jua la mchana hapa kwetu linasimama wima utosini. Wiki ya kwanza niliiachia jua hadi saa 4 asubuhi tu, kisha kila wiki nikaongeza saa moja hivi. Kukiwa na mawingu, niliondoa magunia yote.

Jirani alipita akaniambia, "Mama, kata hayo makuti, yanachafua parseli." Nikamjibu, "Papa, yaache kwanza, bado yana kijani." Sehemu ya kijani, hata ikiwa ndogo, bado inaulisha mti. Nilikata yaliyokauka kabisa tu.

Kwenye maji ndipo watu wengi wanapodanganyika. Udongo mwekundu unaozunguka shimo unaweza kuwa na unyevu, huku bonge la mizizi lililotoka kwenye mfuko limekauka, kwa sababu mizizi bado haijatoka nje yake. Kwa hiyo chomeka kidole kwenye bonge lenyewe, karibu na shina. Likiwa kavu, mwaga polepole pale chini, usiloweshe moyo. Funika udongo kwa nyasi kavu, ila ziache mbali na shina kiasi cha kiganja. Usiupande ndani zaidi ya ulivyokuwa kwenye mfuko wake. Mbolea ingoje hadi kuti jipya lifunguke.

Kama bado hujanunua, subiri mvua za Novemba zishike vizuri. Mawingu yatakufanyia nusu ya kazi ya magunia.

Kuti la kwanza la mitende yangu lilifunguka Desemba: fupi, gumu, lina manjano kuliko yale ya kwa muuzaji. Usiikimbilie mbolea ukiiona rangi hiyo. Mtende huu ukizoea jua kali, ndivyo unavyokuwa.