Slaidi ya neva ina matundu, tuitupe?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasoma maabara hapa Tanga, nakaa Ngamiani. Juzi tuliangalia slaidi ya neva iliyokatwa kwa kukingama, rangi hematoksilini na eosini, tukaona viduara vyeupe vitupu na kadoti ka pinki katikati, mwenzangu anasema imeharibika. Halafu seli ya neva kwenye uti wa mgongo haina ule mkia mrefu wa kitabuni. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiitupe, nzima hiyo! We mtoto wa Tanga kamba ya katani unaijua, ikate uitazame pale ilipokatwa, utaona vichwa vya nyuzi vimesongamana, na neva ndo hivyohivyo. Kila kadoti ka pinki ni akzoni moja, yaani ule mkia mrefu wa seli ya neva, na ule weupe ndo ilipokuwa mayelini, gamba la mafuta linaloizunguka. Sasa kumbuka hicho kipande kabla ya kuingia kwenye nta kilipita kwenye spiriti, kikapita kwenye zailini, na zailini inafanya kama petroli kwenye doa la samli, doa linaenda kanzu inabaki. Kuna kemikali ya osmiamu, hiyo ndo inayashika mafuta yakabaki, yanakuwa meusi ti, kila kiduara kinakuwa pete nyeusi (ila mvuke wake unaunguza macho, msiichezee). Kwa slaidi zenu za nta kuna rangi ya Luxol, inakamata mabaki ya mayelini yanatoka bluu.

Mkia upo, ila mmekata unene wa mikroni 5 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na akzoni inayotoka mgongoni mpaka kidoleni mguuni inafika mita moja, itaenea wapi hapo? Zile picha za kitabuni zinatokana na mtafiti Golgi wa Italia, 1873, alitumia daikromati ya potasiamu halafu nitrati ya fedha, ikapaka seli chache tu kati ya nyingi lakini ikazipaka nzimanzima mpaka matawi. Zingepakwa zote ungeona giza tupu. Mtafiti mwingine, Cajal wa Hispania, akaichukua njia hiyohiyo akasema kila seli iko peke yake, Golgi akakataa, anasema ni wavu mmoja, na Nobeli ya 1906 wakagawana hivyohivyo hawaelewani.

Mkiwa na rangi ya kresili vayoleti jaribuni pembe ya mbele ya yule kipepeo wa kijivu anayeonekana uti wa mgongo ukikatwa. Seli kubwa, kiini cheupe chenye nukta kama jicho la bundi, mwili una madoa kama chui, na pale pembeni pasipo na madoa kabisa ndo akzoni inapoanzia.

Ila kama mmemwaga eosini mpaka kila kitu pinki, hapo mwenzio ana haki kidogo.