Anayependa mvinyo akija Uganda aende wapi? Sehemu ninazopeleka wageni wangu

Kuna dada wa Dodoma ameuliza, anasema kwao mgeni anazungushwa mashamba ya zabibu mpaka kwenye mapipa ya mvinyo, sasa yeye akija Uganda mwezi wa nane aende wapi aone kitu cha namna hiyo. Naona wengi wanamjibu ati hakuna, Uganda ni gorila na mto Nile basi. Hapana jamani. Mimi ni mtu wa Kasese, naongoza wageni mwaka wa 11 huu, ngoja niandike vizuri.

Dada, zabibu kama zenu sahau. Mvinyo wa mananasi, wa ndizi, wa rozela upo na mwingine mtamu kweli, ila watu wanautengenezea nyumbani kwenye madumu, sio kitu cha kukutoa Dodoma. Kinywaji cha huku kwetu ni ndizi, na hiyo ukiielewa utaanza kuona barabara nzima kwa jicho lingine, maana ile migomba inayofuatana na basi masaa mawili matatu sio yote ya matoke, zile ndizi za kupika. Kuna mbidde, hiyo hata uipike vipi ni chungu, utomvu wake unakwaruza ulimi, imepandwa kwa ajili ya pombe tu.

Mimi naanzia Fort Portal, halafu Bigodi, kama kilometa 40 hivi, upande wa msitu wa Kibale. Wageni wengi wanakuja pale kwa sokwe na kwa ndege wa kwenye kinamasi, wakimaliza wanaondoka, na kumbe nyumba za jirani ndio kuna tonto, pombe ya ndizi. Omba kufika siku ya kukanyaga. Siku nne tano kabla ndizi zinafukiwa kwenye shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya migomba, zikitoka zimeiva, ngozi nyeusi nyeusi na harufu ya moshi. Zinamenywa, zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti, wanaume wanaosha miguu wanaingia. Mwanzoni ni ujiuji tu unaganda kwenye vidole, hakuna maji hata tone, wageni wananiangalia kama nimewadanganya. Halafu wanatupia nyasi, zile ndefu kavu, wanakanyaga tena wanakunja wanageuza, na ghafla maji yanaanza kutoka katikati ya nyasi, mekundu kidogo, matamu mpaka nyuki wanakuja. Hiyo ni juisi, mtoto anakunywa, Wanyankole wanaita eshande. Ikiongezwa maji na mtama uliokaangwa ukasagwa, ikafunikwa na majani, kesho yake ndio pombe. Waganda wanaiita mwenge bigere, yaani pombe ya miguu, na nimeshaona wageni wanalia kwa furaha pale kwenye mtumbwi, sitanii.

Angalizo moja, kuna sehemu sitaitaja niliwahi kupeleka familia tukaonyeshwa mtu anakanyaga nyasi tupu na juisi inamiminwa kutoka kwenye dumu la jana. Niliwarudishia pesa yao yote. Kwa hiyo uliza kabla, ndizi zilifukiwa lini? Kama hawajui siku, usiende.

Na ukiwa shambani angalia migomba ambayo ua lake la chini limekatwa. Ni kwa sababu ya mnyauko, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001, wadudu wanaubeba kupitia lile ua na kayinja, ndizi nyingine ya pombe, iliumia vibaya mno. Wakulima wanalivunja kwa kijiti chenye panda, bila panga, maana panga linahamisha ugonjwa kwenye mgomba mwingine. Mwombe mwenye shamba akuonyeshe, watu wanapenda kuulizwa.

Kasenda kwenye maziwa ya volkano ni karibu, mandhari hayasemeki, na utaona waragi, pombe kali ya huku, ikitengenezwa, tonto inachemshwa kwenye pipa na mvuke unapita kwenye bomba la shaba lililozamishwa majini. Angalia, piga picha, onja kidogo kwa mtu unayemwona anaitengeneza. Ya kwenye chupa isiyo na jina usiguse kabisa, mwaka 2010 huko Kabale watu walikufa wengi kwa waragi yenye methanoli, ile alkoholi ya sumu, na mimi hilo sichezi nalo.

Kabale yenyewe nenda, Ziwa Bunyonyi asubuhi na ukungu, mitumbwi inapita huioni unasikia kasia tu. Huko ni mtama. Bushera ni ya mtama uliooteshwa, kinywaji cha baridi ile, wanakunywa hadi watoto, ikikaa siku kadhaa inakuwa kali wanaita muramba.

Kama una siku za ziada panda mashariki. Mji wa Kumi, kwanza michoro ya kwenye mawe ya Nyero, halafu jioni ajono, pombe ya ulezi. Chungu kiko katikati, watu wamezunguka na mirija mirefu, maji ya moto yanaongezwa kidogo kidogo na chungu kile kile kinaenda mpaka giza. Wazee wataacha nafasi ukae. Mrija una adabu zake, mimi huwa nawaambia wageni tukiwa bado kwenye gari.

Na dada umesema mwezi wa nane. Mwaka gani? Ukiwa wa namba shufwa, kama 2026, ndio mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu inafunguliwa Mutoto nje kidogo ya Mbale, na kijana mwenyewe ndiye anakoroga kimea cha pombe ya sherehe yake siku chache kabla hajakatwa. Nijibu mwaka, nikupangie tuanzie huko kwanza na Fort Portal iwe mwisho.