Slaidi ya trakea: anza na lenzi ndogo

Mwanafunzi mpya wa histolojia (elimu ya tishu za mwili) anapokabidhiwa slaidi ya trakea, yaani bomba la hewa, aghalabu hukimbilia lenzi ya kukuza mara 40 ili azione silia, vile vinyweleo vidogo vilivyo juu ya seli. Nami nilifanya hivyo katika muhula wangu wa kwanza: niliona viini vya seli vimepangana kwa safu tatu hivi, nikaandika kwenye mtihani wa vitendo kwamba epitheli ile, yaani tishu inayofunika bomba kwa ndani, ina tabaka nyingi, na jibu likakataliwa. Leo ninawasimamia wanafunzi maabara, na kosa hilohilo hurudi kila mwaka.

Epitheli ya trakea ina tabaka moja tu. Kila seli imekanyaga utando wa msingi, ila si zote zinazofika juu. Seli za msingi ni fupi, zile zenye silia ni ndefu, na kwa hiyo viini huonekana katika vimo tofauti. Kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini ni vigumu mno kuifuatilia seli moja hadi chini, kwa hiyo tazama ukingo wa juu. Ukikuta silia, hiyo ni epitheli ya njia ya hewa. Umio, ulio nyuma yake na wenye tabaka nyingi za kweli, umefunikwa na seli bapa zisizo na silia. Tafuta pia mahali palipokatwa wima, kwa maana mkato wa mshazari huzidisha safu za viini na kumpotosha hata mzoefu.

Matundu meupe kati ya seli hizo si kasoro ya slaidi. Ni seli za bilauri, zilizojaa ute usioshika vizuri rangi hizo mbili.

Sasa rudi kwenye lenzi ya mara 4, ambako kwa maoni yangu ndiko kazi inakopaswa kuanzia. Gegedu za trakea ni pingili 16 hadi 20 zenye umbo la herufi C, na uwazi wake umeelekea umio, ukiunganishwa na msuli laini. Kipande kilichokatwa upande wa nyuma, au katikati ya pingili mbili, kinaweza kukosa gegedu kabisa, na hapo wengi huandika kwamba ni bronkioli, yaani kijia chembamba cha hewa ndani ya pafu. Kabla hujaandika hivyo, angalia majirani. Bronkioli imezungukwa na alveoli, vile vifuko vya hewa vyenye kuta nyembamba, na ukuta wake hauna tezi. Ukuta wa trakea una tezi za ute chini ya epitheli, na kando yake hakuna alveoli hata moja.

Chora ulichokiona katika lenzi ndogo kwanza, ukiweka alama mahali gegedu inapoishia, ndipo uongeze ukuzaji.