Maswali na majibu: kigasha kisichofuata ramani

Nikikunja kifundo cha mkono wa kulia, kano hutokeza katikati. Kushoto hakuna kitu. Ni ugonjwa?

Hapana. Hiyo ni kano ya msuli wa palmarisi longusi, na baadhi ya watu hawana, upande mmoja au pande zote mbili. Kujipima, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo huku ukikaza. Nguvu ya kushika haitegemei msuli huu. Wa kuwa na hadhari ni daktari wa upasuaji anayeitaka kano hiyo kwa upandikizi: isipokuwepo, iliyo karibu na ngozi pale ni neva ya mediani (mshipa wa fahamu upitao katikati ya kigasha), na imewahi kukatwa ikidhaniwa kano. Kano ni nyeupe, inang'aa. Neva ina umanjano hafifu na vimishipa vya damu juu yake. Weka alama ya kano kabla ya ganzi. Usipoiona mgonjwa akikaza mkono, usiitafute kwa kisu.

Nilitaka kuweka kanula (mrija mwembamba wa kupitishia dawa) kwenye kikunjo cha kiwiko, "vena" ikawa inadunda. Nikaacha. Sawa?

Sawa kabisa. Kwa baadhi ya watu ateri ya ulna (ile ya upande wa kidole cha mwisho) hupita juu ya misuli ya kukunja kifundo badala ya chini yake, ikawa jirani na vena. Papasa kabla ya kufunga mpira wa kubana mkono, maana ukikazwa sana mdundo hupotea. Usitegemee rangi ya damu pekee: presha ikiwa chini sana, hata ya ateri hutoka polepole, imefifia. Dawa ikishaingia kwenye ateri na mgonjwa akasikia moto unaoshuka vidoleni, simamisha, acha kanula palepale ili matibabu yapitie humo, ita daktari.

Kipimo cha umeme cha neva ya ulna kinaonyesha mwitikio mdogo wa msuli nikichochea chini kidogo ya kiwiko kuliko kifundoni. Neva imebanwa?

Huenda ni muungano wa Martin na Gruber, wanaanatomia walioueleza (1763, 1870): nyuzi za ulna husafiri ndani ya mediani, kisha huvukia neva ya ulna katikati ya kigasha. Chochea mediani kiwikoni, halafu kifundoni, ukirekodi msuli uleule wa ulna. Mwitikio ukija kiwikoni tu, nyuzi zinavuka. Kubanwa kiwikoni hupunguza mwitikio kati ya chini na juu ya kiwiko.

Altrasaundi imeonyesha ateri ya mediani, inayofuatana na neva ya mediani. Iondolewe?

La. Ni mabaki ya ateri ya kijusi, kwa kawaida haina shida, ingawa ikiganda damu huweza kuleta maumivu ya ghafla ya neva. Itafute kwa Dopla (altrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu) kabla ya sindano au upasuaji wa kifundo.