Masuali ya kompyuta: uzito, umeme, flashi na picha zilizopotea

Masuali ya mara hii ni mengi, nimetoa haya saba. Ukiniandikia taja mashine gani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ngapi, Windows gani, na nini kilitokea kabla haijaharibika. Tafadhalini.

Kompyuta yangu nzito, nifanyeje? (Mwanakwerekwe)

Suali hili kila mara lipo na kila mara halina maelezo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utizame kipi kimejaa. Kama diski imekaa asilimia 100 na wewe hujafungua kitu, na mashine bado ina hadidiski ile ya kuzunguka, weka SSD, yaani diski isiyozunguka, ya kasi, hapo utaiona mashine nyengine kabisa. Kama RAM ni GB 4 na umefungua tabu chungu nzima, zifunge au ongeza RAM. Halafu kwenye dirisha hilo hilo ingia Startup uzime vinavyojiwasha wenyewe. Na hizo programu za "kusafisha kompyuta" zifute, nyingi ndo zenyewe zinazoleta uzito na matangazo.

Umeme ulikatika, uliporudi desktop haikuwaka tena, fundi anasema pawa saplai. Nijikinge vipi? (Chukwani)

Mara nyingi kinachoua ni kule kurudi, si kule kukatika, maana umeme ukirudi mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanaamka pamoja na volti zinapanda zinashuka. Sisi watu wa Unguja tunaujua umeme, mwaka 2008 tulikaa gizani kiasi cha mwezi, halafu kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu, na mpaka leo mtu anachomeka kompyuta yake ya thamani kwenye ekstensheni ya bei rahisi kuliko zote dukani. Umeme ukikatika chomoa plagi, ukirudi subiri kama dakika kumi. Desktop inunulie UPS, lile boksi la betri, kazi yake ni kukupa nafasi ya kusevu na kuzima, usiendelee kufanyia kazi mpaka imalizike, na printa ya leza usiichomeke humo. Muulize fundi umeme kama nyumba ina ethi (waya wa ardhini) ya kweli. Masika pakianza radi chomoa na waya wa ruta pia, radi inapita hata huko. Lakini jua kuwa UPS inalinda mashine tu, mafaili yako haiyalindi, nitalirudia hili hapo chini.

Flashi yangu imejaa shotikati tupu, mafaili yamekwenda wapi? (Wete)

Yamo, yamefichwa. Usibonyeze hizo shotikati, ukibonyeza unakiwasha kirusi chenyewe. Piga skani kwanza, kisha fungua CMD, lile dirisha la kuandikia amri, kama flashi imepewa herufi E andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatatokea, yahamishe, halafu flashi uifomati. Hii mara nyingi inatoka stesheneri, kompyuta moja inaingiziwa flashi za shehia nzima kutwa. Ukienda kuprinti peleka faili hilo moja tu, kwenye flashi isiyo na kitu chengine. Nawaona wanafunzi wana risachi ya mwaka mzima kwenye flashi moja inayoning'inia kwenye funguo na kopi nyengine hawana. Flashi ni ya kubebea, si pahala pa kuweka.

Fundi kaniwekea Windows ya kraki, kaniambia nizime antivairasi ndo ikubali. Ni sawa? Na Windows 10 bado inafaa? (Mwanafunzi, Tunguu)

Si sawa hata kidogo mwanangu. Kitu kinachotaka mlinzi aondoke kwanza ndo kiingie hukijui kimebeba nini, na wengi wa mafundi hawa wakishamaliza wanazima na apdeti kabisa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita dunia nzima kinafunga mafaili ya watu na kudai dola 300, na Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu Machi, walioumia khasa ni wale ambao hawajaapdeti. Mafaili yakishafungwa namna ile cha kukuokoa ni kopi uliyoiweka pembeni, basi. Defender, antivairasi inayokuja na Windows, inatosha, ni bure, iwashe leo.

Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na laptop nyingi za mtumba tunazonunua ni za zamani hazina. Kama yako haikubali weka Linux Mint badala ya Windows, ni bure na halali, LibreOffice yake, programu ya kuandikia, inaandika risachi vizuri tu. Ila kopi mafaili yako kwanza, kabla hujamkabidhi fundi yeyote.

Mtu kanipigia kasema ni wa mtandao wa simu, nikampa namba sita zilizokuja kwa meseji. Sasa WhatsApp sina na anaomba pesa kwa jamaa zangu. (Dada, Chake Chake)

Dada fanya sasa hivi, usingoje kesho. Sajili WhatsApp upya kwa namba yako, zitakuja namba sita mpya, ukiziingiza yeye anatoka. Ikikuuliza PIN usiyoijua maana yake kaiweka yeye, utasubiri siku 7 lakini naye hayumo tena. Wakati huo wapigie jamaa kwa mdomo, na wa Muscat na Dubai uanze nao, ndo wanaotuma haraka bila kuuliza. Ukishaingia weka PIN yako mwenyewe na utizame vifaa vilivyounganishwa, usichokijua kitoe. Meseji za kitapeli zipeleke 15040, na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Wengine nyote: hakuna mfanyakazi wa kweli wa simu wala benki anayehitaji namba hizo au PIN yako ya pesa. Hakuna. Akikutajia jina lako kamili na la baba yako bado usimpe. Waambieni wazee nyumbani, leo, kwa sababu wao ndo wanaotafutwa.

Hadidiski ya nje ilianguka, inalia tik tik, ndani mna picha za harusi na za marehemu mama. Ipo programu ya kuzirejesha? (Kiembesamaki)

Pole sana. Ichomoe na usiichomeke tena. Mlio huo kwa kawaida ni kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila ukiiwasha kinaweza kuzichubua sahani zilizobeba hizo picha. Programu zinafaa kwa vilivyofutwa, kwa hili hazifai. Asikufungulie mtu juu ya meza dukani, vumbi dogo tu linamaliza. Wapo wataalamu wenye vyumba maalumu visivyo na vumbi, ni ghali na hawakuhakikishii. Kabla ya huko muulize aliyepiga picha za harusi, pekua magrupu ya familia na simu za zamani za ndugu, picha za mama nyingi utazikuta huko.

Na wengine msomao hili, mumeshaweka kopi? Kitu unachokipenda kiwe pahala patatu, na pamojawapo pawe nje ya nyumba. Google wanatoa GB 15 bure, bando likiwa ghali pandisha usiku kwenye waifai ya jamaa. Nunua hadidiski ya pili uijaze, mpe dada yako aliyeko Pemba akuwekee. Vyeti na hati ya kiwanja piga picha uviweke humo pia. Kila baada ya miezi michache fungua kopi yenyewe uone kama inasoma. Laptop utanunua nyengine, sauti ya mama yako hununui.

Nakaa Nungwi karibu na pwani, tundu za USB za laptop yangu zinashika kutu. (Nungwi)

Usiiweke dirisha la upande wa bahari, na ukimaliza ifunike. Iwashe mara kwa mara hata kama huna kazi, joto linakausha unyevu. Vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vipya vitie ndani ya begi lake.