Kitabu chenye giza kisimuliwe vipi mbele ya wenzako?

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni wasomaji sita tunaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Nyegezi, Mwanza, na kila mmoja hueleza kitabu alichokimaliza karibuni. Mwezi uliopita nilisimulia Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenzetu mmoja, aliyefiwa na mdogo wake mwaka huu, alitoka nje akilia na hajarudi tena kwenye kikao. Sasa mmoja anataka tuache riwaya za huzuni tusome bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, na mwingine anadai kwamba hizo ni habari za Ulaya zisizotuhusu watu wa Kanda ya Ziwa. Tufanyeje? – Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Kabla ya habari za vitabu, mtembeleeni mwenzenu. Nendeni wawili au watatu mkampe pole ya msiba wake, na msimweleze kwamba ile ilikuwa hadithi tu, kwa maana huenda yeye ndiye aliyeisikia hadithi hiyo kwa undani kuliko ninyi nyote.

Nikuambie kwa heshima, ndugu yangu, kwamba hukukosea kuchagua Kichwamaji. Riwaya hiyo iliyotoka mwaka 1974 iliandikwa na mwenyeji wa Ukerewe, kisiwa mnachokifikia kwa feri kutoka hapo mjini kwenu, na Kazimoto, msomi anayerudi kwao likizo, anabeba maswali ambayo wengi wetu huyaogopa hata tukiwa peke yetu usiku: kama maisha yana maana, na kama elimu aliyoipata mtu imemkaribisha kwa wazazi wake au imemtenga nao. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimelazimika kuiweka chini siku kadhaa kabla ya kuendelea. Kosa lako lilikuwa kuimimina yote mbele ya watu ambao hawakujua kinachokuja.

Mwenye kushika kitabu kizito aanze kwa kutaja uzito wake. Sentensi moja yatosha: "Humu mna vifo na mna mtu kujiua, asiyetaka kusikia leo aniambie sasa." Wapo wanaohofia kwamba tahadhari kama hiyo inaharibu utamu, lakini mimi sikubaliani nao, kwa sababu hujasema ni nani, wala lini, wala kwa nini, na mambo hayo ndiyo msomaji anayoyafuata. Baada ya hapo simulia mwanzo tu, taja swali ambalo kitabu kinalihangaikia, kisha uwasomee ukurasa mmoja kwa sauti. Ukurasa mmoja uliosomwa vizuri huwapa wasikilizaji kitu ambacho muhtasari wa nusu saa hauwezi kuwapa, yaani sauti ya mwandishi mwenyewe.

Kuhusu kuziacha kabisa riwaya za namna hiyo, nakusihini msifanye hivyo. Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo, iliyochapishwa mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikaja kusomwa shuleni humo humo. Mateso ya Rosa, binti wa Ukerewe anayesimuliwa humo, hayakupungua kwa kitabu kufichwa. Kilichopungua ni nafasi ya wasichana na wazazi wao kuyazungumza.

Sasa nije kwa huyo anayesema kwamba bunilizi za kisayansi ni za Ulaya. Mwombeni asome Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa na watawala wa nchi yake, anatiwa katika chombo cha kwenda angani ili afie huko, na badala ya kufa anatua kwenye dunia nyingine yenye jamii iliyopangwa kwa namna tofauti kabisa. Mkangi alikuwa msomi wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, na ukilijua hilo utaona kwamba safari ya angani imempa nafasi ya kuipima nchi yake kwa mbali. Lisomeni pia jina la kitabu polepole: wale ni sisi.

Tena, mkazi wa Mwanza ana sababu nyingi kuliko wengine za kuzielewa bunilizi hizi. Mwandishi Mwingereza Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kuandika riwaya ya Frankenstein, iliyochapishwa mwaka 1818, juu ya mtu anayeumba kiumbe kisha akashindwa kukitawala. Ninyi mnaishi kando ya ziwa ambamo sangara walipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, kwa nia ya kuongeza samaki, na baada ya muda aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikatoweka. Wataalamu waliochimba matope ya chini ya ziwa hilohilo wamegundua kwamba lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa upya. Mtu akiandika leo riwaya ya Mwanza isiyo na ziwa, je, atakuwa ameazima jambo la Ulaya? Mpeni mwenzenu swali hilo, na mkutano ujao aeleze angeianzaje sura ya kwanza.

SWALI: Nilianza Nagona, riwaya ya Kezilahabi, ikanishinda kurasa za mwanzo. Je, nianze na Mzingile, riwaya yake nyingine? – Msomaji, Bukoba.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Nagona ya mwaka 1990 hutangulia, na Mzingile ya mwaka 1991, pamoja na dunia yake iliyobaki baada ya maangamizi, huendeleza safari hiyohiyo. Zote mbili ni fupi. Usizitafutie kisa kinachokwenda moja kwa moja, bali zisome kama mtu anayesimuliwa ndoto, na pale unapokwama soma kwa sauti, kwa kuwa Kezilahabi alikuwa pia mshairi, na sentensi zake nyingi hufunguka zinapofika masikioni. Tenga alasiri moja kwa Nagona, kisha uishike Mzingile wiki hiyohiyo, kabla sauti ya ile ya kwanza haijakutoka.